Maji Yawe Wapi Yatakapoganda

Mhadhara kwa wasemaji wa Kiswahili wa Minnesota kuhusu kuandaa ua na bustani kabla ya majira ya baridi



Wengi wetu tulizaliwa mahali ambapo mwaka hugawanywa na mvua. Mtu aliyekulia Kisii, Moshi au Bukavu anajua la kufanya mvua zinapokaribia, na anajua kuwa shamba huharibiwa na ukame au mafuriko. Waliolelewa Kinangop au Makete wameshaona umande ulioganda juu ya majani ya viazi alfajiri, kwa hiyo jalidi si ngeni kwao. Lakini hata hao hawakuwahi kuishi juu ya ardhi inayoganda yenyewe, ikawa ngumu hata jembe likadunda. Hapa Minnesota kanuni za ujenzi zinataka msingi wa nyumba ushuke sentimita 107 katika sehemu ya kusini ya jimbo na sentimita 152 katika sehemu ya kaskazini, ili uwe chini ya kina ambacho jalidi inaweza kufika. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama ndani ya shimo hilo la kaskazini, kichwa tu ndicho kitakachoonekana.

Ndiyo maana wengi wetu, tukishapata nyumba yenye ua, tunauhesabu ua kuwa jambo la miezi mitano. Mei tunapanda, Septemba tunavuna, kisha tunafunga mlango na mengine tunamwachia Mungu. Aprili tunakuta bomba limepasuka ndani ya ukuta, mtufaha tulioununua kwa fedha nyingi umetafunwa gome pande zote, nyasi zina mabaka ya kijivu. Tunasema: baridi imeua.

Baridi inasingiziwa mengi. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hufanywa na maji yaliyokuwa mahali pasipofaa siku yalipoganda, au yaliyokosekana mahali yalipohitajika. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Kazi za majira ya mapukutiko ni nyingi, na mtu akizisoma katika orodha huchoka kabla hajashika reki. Lakini ukizitazama kwa makini utaona kuwa karibu zote ni kazi moja: kuamua maji yawe wapi yatakapoganda.

Wiki tulizo nazo

Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji nayo hufanya hivyo hadi yanapofika karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huanza kutanuka, na yakigeuka barafu ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Tabia hiyo ina baraka na balaa. Baraka ni kwamba barafu ni nyepesi kuliko maji, hivyo hukaa juu ya ziwa, na samaki wa ziwa Minnetonka huishi chini yake hadi majira yageuke. Balaa ni kwamba maji yaliyofungiwa mahali pasipo na nafasi hulazimisha nafasi ipatikane, hata kama kilichoyafungia ni shaba au chuma.

Katika eneo la Minneapolis na Saint Paul, jalidi ya kwanza kwa kawaida huja kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Ardhi yenyewe huganda baadaye, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kati ya matukio hayo mawili tunapata wiki sita hadi nane ambazo hewa ya usiku imeshakuwa kali lakini udongo bado unapitisha maji na mizizi bado inafanya kazi. Hizo ndizo wiki zetu.

Msidhani zote ni zenu kwa uhakika. Tarehe 31 Oktoba 1991, watoto wakiwa njiani kuomba peremende za Halloween, theluji ilianza kuanguka katika miji hii miwili. Ilipokoma tarehe 3 Novemba zilikuwa zimeanguka sentimita 72. Aliyekuwa amejiahidi kumalizia ua wake wikendi hiyo, ua ulikuwa umeshafukiwa. Kwa hiyo nawaomba mpange kana kwamba Oktoba ndio mwezi wa mwisho, na Novemba ikija na hali njema, mshukuru.

Kwa nini tujitese kiasi hicho? Kwa sababu ya kiwango cha baridi ya hapa. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyotolewa upya mwaka 2023, inaigawa nchi katika kanda kwa kufuata wastani wa usiku wa baridi kuliko wote katika mwaka. Sehemu kubwa ya eneo letu iko katika kanda za 4b na 5a, maana yake usiku huo hushuka hadi kati ya nyuzi 26 na 32 chini ya sifuri. Ukienda kununua mche, soma kibandiko kabla ya kuangalia bei. Ukiona kanda ya 6 au 7, mche huo umeandaliwa kwa watu wa mahali pengine, na hakuna kazi ya Oktoba itakayougeuza.

Ukutani: maji yatoke

Tuanze na nyumba. Nyumba nyingi za hapa zina koki ya nje ya aina isiyoganda. Itazameni kwa karibu. Kichwa mnachozungusha kiko nje ya ukuta, lakini kizibo kinachofunga maji kiko ndani ya nyumba, mwisho wa shina refu la sentimita 20 hadi 30, mahali penye joto. Ukifunga koki, maji yaliyobaki ndani ya shina hutiririka nje, na shina hubaki tupu.

Ustadi wote huo unategemea sharti moja: mdomo wa koki uwe wazi. Ukiacha mpira wa maji umefungwa hapo, yale maji ya shinani hayana pa kutokea. Yataganda humo na shina litapasuka. Wala hutajua, kwa kuwa kizibo bado kinafunga na hakuna tone litakalovuja majira yote ya baridi. Siku ya Mei utakapofungua umwagilie mchicha wako, maji yatamwagika ndani ya ukuta au kwenye besimenti. Hasara ya maelfu ya dola hutokana na mpira ambao kuufungua ni kazi ya dakika moja.

Basi fungueni mipira yote, muinyooshe kwenye mteremko hadi itoke maji, kisha muikunje na kuiweka gereji. Kama nyumba ni ya zamani na koki ni ya kawaida, tafuteni valvu yake ndani ya besimenti, muifunge, halafu fungueni koki ya nje na kuiacha wazi. Mwenye mfumo wa kunyunyizia uliofukiwa chini ya nyasi amwite fundi mapema ampulizie mabomba kwa hewa ya kompresa, maana Oktoba mafundi hao hupatikana kwa shida. Pipa la kukingia mvua limwagwe na kupinduliwa. Chungu cha udongo wa kufinyanga kisiachwe nje na udongo mbichi ndani, kwa sababu maji yamepenya hadi kwenye kuta zake na yatakipasua. Mifereji ya paa isafishwe baada ya majani kupukutika, ili maji ya theluji itakayoyeyuka yapite bila kukwama na kuganda juu ya vichwa vyenu.

Mpaka hapo kanuni ni rahisi: mahali palipotengenezwa na mwanadamu, maji yatoke. Tukiingia bustanini, kanuni inageuka.

Matuta: maji yabaki, udongo ufunikwe

Bustani za watu wetu hapa nazijua kwa macho. Kuna mchicha, mnavu, kunde za majani, majani ya maboga, matembele, nyanya chungu, pilipili, na karibu kila ua una mstari wa sukuma wiki. Mimea hii haifi siku moja, na ni muhimu kujua ipi huondoka kwanza.

Mchicha, kunde, maboga, matembele na nyanya ni watoto wa nchi za joto. Chembe zao zimejaa maji mepesi, na usiku mmoja chini ya sifuri unatosha kuyagandisha. Asubuhi majani yamelegea na kuwa meusi. Jalidi ya kwanza kwa kawaida huja usiku wa anga safi usio na upepo, joto la ardhi linapopanda juu bila mawingu ya kulizuia. Mkisikia utabiri huo, mwagilieni udongo mchana, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu, na jioni mfunike matuta kwa shuka kuukuu linaloshuka hadi chini. Plastiki inayogusa majani haisaidii. Kwa njia hiyo mara nyingi mtaupita usiku mmoja mbaya na kupata wiki mbili nyingine za mavuno.

Baada ya hapo, kubalini. Nyanya za kijani zilizokwisha kukomaa zichumwe na kuwekwa ndani, zitaiva taratibu. Mche wa pilipili unaweza kuhamishiwa kwenye chungu na kuingizwa ndani ya nyumba. Matembele yakatwe vipande vya mashina, yawekwe kwenye glasi ya maji dirishani. Yatatoa mizizi na kuwasubiri hadi mwishoni mwa Mei. Mbegu za mchicha na mnavu zichukuliwe kutoka kwenye mimea bora, kabla jalidi haijaharibu kilichobaki. Zikaushwe vizuri mbali na jua kali, zitiwe kwenye bahasha ya karatasi na kuandikwa mwaka. Mbegu inayohifadhiwa ikiwa na unyevu huota ukungu. Iliyokauka sawasawa hustahimili baridi, maana haina maji ya kuganda.

Sukuma wiki ni habari nyingine. Mmea huu hustahimili hata nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, na baridi humwongezea mlaji raha. Usiku ukiwa baridi, mmea hulimbikiza sukari ndani ya chembe zake, kwa kuwa maji yenye sukari hayagandi upesi. Jani lililochumwa mwishoni mwa Oktoba baada ya jalidi kadhaa lina utamu ambao la Julai halina. Usiing'oe sukuma wiki yako kwa sababu jirani ameng'oa nyanya zake. Iachwe hadi mwisho, nayo italisha familia hadi Novemba.

Mahali mlipong'oa, pandeni vitunguu saumu. Hii ndiyo mboga ninayoipenda kumfundishia mtu majira ya hapa, kwa sababu inaitaka baridi. Kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, chukua kitunguu kizima cha kupandia na ukibangue punje moja moja bila kuchubua ganda. Chagua punje nene. Kila punje ina upande bapa uliokuwa umeshikana na shina, na ncha iliyochongoka. Upande bapa ndio wa mizizi: uweke chini, ncha juu, kina cha sentimita 5, na kati ya punje na punje sentimita 15. Funika kwa matandazo ya majani makavu ya nafaka, sentimita 7 hadi 10. Kabla ardhi haijaganda punje itakuwa imeshusha mizizi, na huenda isionyeshe chochote juu. Kisha inalala. Kitunguu saumu kisipopata wiki kadhaa za baridi hakigawanyiki. Kinakuja duara moja tupu. Baridi tunayoilaumu ndiyo inayotengeneza punje. Julai mtavuna.

Sehemu ya shamba isiyopandwa kitu isiachwe uchi. Udongo mtupu hupeperushwa na upepo wa Machi, hupigwa na maji ya theluji inayoyeyuka, na rutuba yake hushuka mtoni. Mnaweza kupanda rai, nafaka jamii ya ngano inayopandwa katikati ya Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, hukaa kijani chini ya theluji, na Mei hulimwa ikawa mbolea. Au tandazeni majani ya miti yaliyosagwa. Mabaki ya nyanya yenye madoa ya ugonjwa yaondolewe kabisa na yasitiwe kwenye lundo la mboji la nyumbani, maana lundo dogo halipati joto la kuua vimelea.

Mti unavyolala

Sasa tufike kwenye miti, mahali ambapo hasara ni ya miaka.

Mti wa nchi hii hausubiri baridi ndipo ujitetee. Mwishoni mwa Agosti tayari umeanza kuhesabu urefu wa mchana. Siku zinapofupika huacha kuotesha machipukizi, hufunga matumba yake kwa magamba, na kurudisha kwenye shina na mizizi sehemu ya virutubisho vilivyokuwa majanini. Rangi ya kijani huvunjwa, njano iliyokuwa imejificha huonekana, na katika miti kama mepo rangi nyekundu hutengenezwa upya. Kisha kwenye shingo ya kila jani hujengwa ukuta mwembamba unaoziba njia ya maji, na jani linaanguka. Huku ndani, usiku wa baridi ukizidi, chembe husukuma maji yake hadi kwenye nafasi zilizo nje ya kuta zake. Yakiganda huko nje hayaui. Yakiganda ndani ya chembe, chembe imekufa. Mti uliolala vizuri umeshayahamisha maji yake ukayaweka mahali salama.

Kazi yetu, basi, ni kutouamsha. Kuanzia Agosti msiupe mti mbolea ya naitrojeni wala msiupogoe kwa kukata matawi mengi, kwa sababu vyote viwili huuhimiza uchipue, na chipukizi la Septemba halina muda wa kukomaa. Kupogoa mtufaha kungoje mwisho wa majira ya baridi.

Kosa linalofanywa zaidi ni la upande wa pili: watu huacha kumwagilia mara tu majani yanapogeuka rangi. Mti uliopandwa ndani ya miaka michache iliyopita unahitaji maji hadi ardhi igande. Mizizi haina nguvu ya kuvumilia baridi kama matawi. Inategemea udongo uikinge, na udongo mkavu hupoa upesi na kwa kina zaidi. Kwa misonobari, mierezi na miti mingine isiyopukutisha majani, jambo hili ni la kufa na kupona. Majani yake huendelea kupoteza maji kila siku ya jua na upepo, hata Februari, huku mizizi imeshikwa na ardhi iliyoganda na haiwezi kuvuta hata tone. Aprili mwerezi unakuwa wa kahawia upande wa jua na watu husema umeungua kwa baridi. Umekufa kwa kiu. Dawa yake ni maji ya Oktoba: weka mpira chini ya mti, ufungue kidogo sana, uache maji yazame polepole. Rudia kila wiki isiyo na mvua, na ukimaliza fungua mpira kwenye koki.

Zungushieni shina matandazo ya vipande vya mbao, unene wa sentimita 7 hadi 10, yakienea mbali na shina na yasiliguse. Lundo lililoegemezwa kwenye gome hutunza unyevu unaoliozesha na huwapa panya mahali pa kujificha wakilitafuna.

Gome lenyewe lina hatari mbili. Ya kwanza ni jua. Mchana wa Februari jua la kusini-magharibi hupasha upande mmoja wa shina changa. Chembe za upande huo huzinduka na maji yake huyeyuka. Jua likitua joto hushuka ghafla, maji huganda yakiwa ndani ya chembe, na gome hufa kwa mstari wima unaopasuka baadaye. Vifuko vyeupe vya plastiki vinavyozungushwa shinani hurudisha mwanga na kuzuia hali hiyo. Viwekwe Oktoba au Novemba na viondolewe Aprili. Hatari ya pili ni njaa ya sungura na ya panya wadogo wa shambani wanaopita chini ya theluji. Wakila gome kuuzunguka mti wote, chakula hakishuki tena mizizini na mti umekwisha. Wavu wa chuma wenye matundu madogo, yasiyozidi milimita 6, uzungushwe shinani, chini uzame udongoni kidogo na juu ufike sentimita 45 hadi 60 kupita kimo cha theluji mnachokitarajia, maana sungura hupanda juu ya theluji na kuufikia mti akiwa huko.

Mimea midogo ya kudumu, kama stroberi, ina shida yake. Udongo ukiganda na kuyeyuka mara kwa mara, maji yanayotanuka huinyanyua mimea hadi mizizi ikabaki hewani. Matandazo juu ya stroberi huwekwa wakati udongo umeshapoa sana, karibu na siku ya kuganda. Watu wengi hudhani yanaleta joto. Yanatunza baridi isibadilike, ili kilichoganda kibaki kimeganda. Theluji hufanya kazi hiyohiyo bila malipo: theluji mpya ni hewa kwa zaidi ya asilimia 90, na hewa iliyonaswa hivyo haipitishi joto. Mwaka wa theluji haba ni mwaka wa hatari kwa mizizi, na ndipo matandazo hulipa.

Nataka hapa niwatajie mtu. Mwaka 1853 Peter Gideon alihamia karibu na ziwa Minnetonka na kuanza kupanda miti ya matunda. Mwaka baada ya mwaka miti hiyo ilikufa kwa baridi, na watu walimwambia kuwa matufaha hayatakaa yaote Minnesota. Inasimuliwa kwamba akiwa amebakiwa na dola 8 tu, na hana koti la kuvaa, aliagiza mbegu za matufaha kutoka Bangor, Maine, akaishi bila koti. Kutoka katika juhudi zake lilipatikana tufaha lililovumilia, alilolipa jina la mkewe, Wealthy. Baadaye Chuo Kikuu cha Minnesota kiliendeleza kazi ya kuzalisha aina za kuvumilia baridi. Haralson ilitolewa mwaka 1922, na Honeycrisp, ambayo watoto wetu wanaidai dukani, mwaka 1991. Gideon alikuwa mgeni kama sisi, na wageni wa leo nao wana mbegu mkononi. Mkiweka mbegu za mnavu ulioiva mapema kuliko mingine, mwaka hadi mwaka, mnafanya kazi ya namna yake.

Majani ya mitaani na maji ya ziwa

Limebaki swali la majani yenyewe, yale yanayojaa uani kila Oktoba.

Msiyasukumie barabarani. Mifereji ya mitaa yetu kwa sehemu kubwa hupeleka maji ya mvua moja kwa moja kwenye maziwa na mito bila kusafishwa. Majani yaliyolowa barabarani hutoa fosforasi upesi sana, na fosforasi hulisha mwani unaoyageuza maji kuwa ya kijani na yenye harufu Julai. Jimbo hili liliona uzito wa jambo hilo likaweka sheria ya kubana matumizi ya mbolea ya nyasi yenye fosforasi, iliyoanza katika eneo la miji miwili mwaka 2004 na jimbo zima mwaka 2005. Itakuwa ajabu tukiiacha mbolea dukani kisha tukaimwaga ziwani kwa reki.

Majani ni mali. Yakiwa ni tabaka jembamba, pitisheni mashine ya kukatia nyasi juu yake yasagike na kubaki humohumo. Yataoza na kuilisha ardhi. Yakiwa mengi mno yatazuia mwanga, hivyo ya ziada yahamishiwe kwenye matuta, chini ya vichaka na kwenye mboji. Yanayobaki yapelekwe kwenye mkusanyo wa manispaa katika mifuko ya karatasi au ya kuoza, kwani mifuko ya plastiki imekatazwa kwa takataka za bustani katika eneo letu. Majani ya mtufaha uliokuwa na madoa ya ukoga yaondolewe yote. Vimelea vyake hulala humo. Nyasi zikatwe mara ya mwisho zibaki na kimo cha sentimita 6 au 7. Zikiwa ndefu hulala chini ya theluji na kuota ukungu, ndiyo yale mabaka ya kijivu ya Aprili.

Lakini acheni pembe moja ya ua isiyofagiliwa. Nyuki wa porini wa hapa hawana mzinga wa kujificha. Baadhi hukaa ndani ya mashina matupu ya maua yaliyokauka. Malkia wa nyuki bambi hujichimbia kwenye udongo laini chini ya majani makavu. Mmoja wao, mwenye baka la rangi ya kutu mgongoni, aliwekwa mwaka 2017 katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka 2019 Minnesota ikamfanya nyuki wake rasmi. Bado anaonekana katika miji yetu hii miwili. Mashina hayo myakate majira ya machipuo, na hata hapo mbakize ya urefu wa sentimita 20 na zaidi.

Na theluji ikishafika, chonde kuhusu chumvi. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda cha maji, ndiyo maana huyeyusha barafu ya njiani. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu joto likishuka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, na mtu anayeona haifanyi kazi huongeza nyingine. Idara ya jimbo inayodhibiti uchafuzi inaeleza kuwa kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua lita 19 za maji daima, kwa kuwa chumvi ikishaingia ziwani haioni pa kutokea. Pigeni sepetu mapema kabla theluji haijakanyagwa, na siku ya baridi kali tumieni mchanga. Theluji iliyochanganyika na chumvi msiirundike juu ya mizizi ya mti mliouhangaikia Oktoba nzima.

Ndugu zangu, kupanda Mei ni kazi ya yeyote anayetamani mboga. Kazi ya Oktoba hufanywa na mtu aliyekusudia kuwapo mwakani. Nawaomba tuifanye hivyo, hata wale wanaopanga nyumba na wale wenye kipande kidogo katika bustani ya jumuiya. Mwenye nguvu amsaidie mzee jirani kufungua mipira na kukusanya majani. Mwenye mbegu azigawe. Wazazi wawape watoto punje za vitunguu saumu wazipande kwa mikono yao, na Julai wawe wao wa kuzing'oa.

Mkirudi nyumbani, zungukeni ua wenu mara moja, na katika kila mnachokiona mjiulize: hapa maji yapo au hayapo, na yakiganda yalivyo yatafanya nini? Palipo na bomba, yatoeni. Penye mzizi, yaongezeni. Yanayokwenda ziwani, yaacheni yaende safi. Anzeni na koki, kwa kuwa ndiyo ya haraka kuliko zote.